Sanchin: kata (mfululizo wa mienendo ya karate iliyopangwa) ya Okinawa yenye asili ya Fuzhou, China. Tuijadili bila hadithi za mtawa wa Shaolin

#1 kiganja_wazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Humu jukwaani kila Sanchin ikitajwa mjadala huishia palepale: mmoja anasema ni ya Kijapani, mwingine anasema imetoka hekalu la Shaolin tangu enzi za mtawa wa Kihindi, wa tatu anaanza matusi na uzi unafungwa. Mimi nafanya Goju-ryu, mtindo wa karate wa Okinawa. Hii ndiyo kata tunayoanza nayo na kuzeeka nayo, kwa hiyo naomba nishushe ninachokijua. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Kwa wasioijua: Sanchin ni kata fupi na kwa mtazamaji haina mvuto wowote. Hakuna teke la juu, hakuna kuruka. Unasimama mguu mmoja mbele kidogo ya mwingine, vidole vinatazama ndani, magoti yamelegea, nyonga imekunjwa kuja mbele, mabega chini. Unapiga hatua ya nusu duara, unapiga mkono mmoja, unaurudisha kwenye kinga, unapumua. Basi. Lakini ukiifanya inavyotakiwa unatoka umelowa jasho. Mwalimu anakuzunguka, anakupiga makofi mabegani, anakubana mapaja, anakusukuma kiunoni kuona kama mwili mzima umeshikana. Ukaguzi huo tunauita shime. Jina la kata ni "vita tatu", na kila mwalimu ana orodha yake ya vita hivyo. Huko siingii.

Ninachosema ni hiki: Sanchin ilitoka mkoa wa Fujian, kusini mashariki mwa China, na tunawajua watu walioibeba, mji walikosomea na miaka yenyewe. Ilipofika Okinawa ikabadilishwa, tena si kidogo. Ndiyo maana anayesema ni ya Kichina tupu simkubalii, na anayesema ni ya Kijapani simkubalii zaidi.

Kwa nini Fujian na si kwingine? Okinawa, kisiwa ambacho leo ni cha Japani, zamani haikuwa Japani. Ilikuwa ufalme wa Ryukyu, na tangu 1372 ulikuwa ukipeleka ujumbe na zawadi kwa wafalme wa Ming. Mwaka 1392, kwa mujibu wa tarikhi za kisiwa hicho, familia za Kichina zikaletwa kuishi Kume, pembeni mwa bandari ya Naha: makarani, wajenzi wa meli, wakalimani. Baadaye Fuzhou, mji mkuu wa Fujian, ikawa mlango rasmi wa watu wa Ryukyu kuingia China, na kulikuwa na jumba lao maalumu la kufikia. Satsuma kutoka Japani waliuvamia ufalme mwaka 1609 na kuushika, lakini safari za Fuzhou waliziacha ziendelee kwa sababu zilikuwa na faida. Japani iliufuta ufalme rasmi mwaka 1879. Ndiyo kusema kijana wa Naha aliyetaka kusoma ngumi za Kichina hakwenda Shaolin kule Henan, kaskazini. Alipanda meli kwenda Fuzhou, ambako watu wa kwao walikuwa wameshazoea kufikia.

Wa kwanza ni Kanryo Higaonna, aliyezaliwa Naha mwaka 1853. Alikwenda Fuzhou miaka ya 1870, akakaa kwa mwalimu ambaye Waokinawa wanamwita Ryu Ryu Ko, akarudi na kata kadhaa, msingi wake ukiwa Sanchin. Mwanafunzi wake mashuhuri ni Chojun Miyagi (1888–1953), mwasisi wa Goju-ryu. Mwingine ni Juhatsu Kyoda, aliyeanzisha To'on-ryu, ambayo watu wengi hata hawajaisikia.

Wa pili ni Kanbun Uechi, kijana wa mashambani kaskazini mwa Okinawa, aliyezaliwa 1877. Aliondoka 1897, wakati Japani inajiandaa kuanza kuwaandikisha Waokinawa jeshini kwa lazima, na inasemwa wazi kwamba alikuwa anakwepa jeshi. Akaangukia Fuzhou hiyohiyo, kwa mwalimu aitwaye Zhou Zihe, Waokinawa wanamtamka Shushiwa. Akarudi 1910 na kata tatu tu: Sanchin, Seisan na Sanseiryu. Kwa miaka mingi akakataa kufundisha. Simulizi ya wanafunzi wake ni kwamba alipokuwa China mwanafunzi wake mmoja aliua mtu katika ugomvi wa ardhi, na jambo hilo lilimkaa moyoni. Alianza tena kufundisha miaka ya 1920 akiwa kibarua wa kiwanda huko Wakayama, Japani bara, baada ya kubembelezwa sana na Mwokinawa mwenzake, Ryuyu Tomoyose. Mwaka 1940 mtindo wake ukapewa jina la Uechi-ryu.

Sasa ushahidi ambao mimi nauona mzito kuliko mwingine wote. Higaonna na Uechi hawakusoma kwa mwalimu mmoja. Wamepishana zaidi ya miaka ishirini, na Uechi hakuwa mwanafunzi wa Higaonna hata siku moja. Lakini wote wawili walirudi kutoka mji mmoja na kata yenye jina lilelile na mifupa ileile: msimamo wa vidole ndani, hatua ya nusu duara, kinga ya mikono miwili mbele, kupiga na kurudisha, mwisho duara la mikono na kusukuma kwa viganja. Sisi watu wa pwani tungesema ni isnadi mbili, yaani minyororo miwili ya wapokezi, zisizojuana, na matini inafanana. Juu ya hapo, Fujian yenyewe hadi leo kuna San Zhan, vita tatu hizohizo, kama fomu ya msingi kwenye ngumi za korongo mweupe za Yongchun na kwenye wuzuquan, ngumi za mababu watano, za upande wa Quanzhou. Mashahidi watatu, wawili kati yao hawakuwahi kukaa dojo (ukumbi wa mazoezi) moja.

Mahali wanapopishana ndipo palipo patamu. Uechi anafanya viganja vikiwa wazi na vidole vinachoma. Pumzi yake fupi, haina makelele. Sisi Goju tunafunga ngumi, tunabana mwili wote, na pumzi inasikika hadi nje ya dojo. Simulizi za walimu wa Naha zinasema Higaonna naye mwanzoni alifundisha viganja wazi na pumzi ya haraka zaidi, ngumi zikafungwa baadaye. Kisha Miyagi akatunga Sanchin yake fupi isiyo na kugeuka, ambayo unakwenda mbele na kurudi kinyumenyume. Ile ya Higaonna yenye kugeuka tunayo pia, tunazifanya zote mbili.

Kwa maoni yangu, ngumi kufungwa kunatokana na shule. Mwanzoni mwa karne ya 20 karate iliingia madarasani Okinawa, na mwalimu mwenye vijana kibao mbele yake anataka kitu cha kujenga mwili na nidhamu. Kuchoma macho kwa vidole si somo la mtoto wa shule. Sina hati ya Higaonna inayosema hivyo, ila ukitazama vitu vingine vilivyobadilishwa kipindi hicho, mwelekeo ni mmoja.

Nimemaliza ya kwangu. Karibuni.

#2 bingwa_wa_sofa

Nimevuta kigoda, chai ya tangawizi iko mkononi. Mkuu umeshusha nondo. Ngoja waje wazee wa Bruce Lee.

#3 joka_la_tanga

Mwanzisha uzi umeandika vizuri ila unamvua nguo Bodhidharma, huyo mtawa wa Kihindi, bila sababu. Kila mtu anajua alifika Shaolin akakuta watawa dhaifu, akawafundisha mazoezi ya pumzi na misuli, na ndiyo mwanzo wa kung fu yote. Sanchin ni pumzi na misuli. Sasa unabisha nini? Sensei wangu alisoma Japani na picha ya mzee huyo ameitundika ukutani.

#4 kiganja_wazi

Mkuu, picha iache ukutani, ni heshima ya dojo. Ila kihistoria haisimami.

Bodhidharma anawekwa karne ya 5 hadi ya 6. Kitabu kinachomhusisha na mazoezi ya misuli ni Yijin Jing, na maandishi hayo ni ya 1624 au karibu na hapo, zaidi ya miaka elfu moja baadaye. Dibaji yake inadai ukale ambao wasomi wa Kichina wenyewe waliukataa. Mwanahistoria Tang Hao aliivunja hadithi hii tangu miaka ya 1930. Aliyebomoa hapo ni Mchina mpenda ngumi, huwezi kusema ni Mzungu mwenye chuki.

Wanaposema basi ni Shaolin ya kusini, nawauliza ipi. Putian, Quanzhou na Fuqing, zote za Fujian, kila moja inadai ndiyo yenyewe.

Na kuna jambo watu wa karate wangepaswa kulijua kabla ya wengine. Mwaka 1908 Anko Itosu, mwalimu aliyeingiza karate mashuleni Okinawa, aliandika barua ya nasaha kumi. Anaanza kwa kusema karate haikutoka katika dini ya Budha wala mafundisho ya Konfusio, kisha anataja mitindo miwili iliyoletwa zamani kutoka China. Mzee aliyekuwa karibu na chanzo kuliko sisi sote alilimaliza kwenye sentensi ya kwanza.

Sisemi watawa hawakupigana. Shaolin ya Henan ilikuwa na watawa wapiganaji kweli, wakisifika zaidi kwa fimbo. Ninachosema ni kwamba kati yao na Sanchin hakuna mtu hata mmoja tunayeweza kumtaja.

#5 mkanda_kahawia

Mimi ni wa Shotokan, mtindo mwingine wa karate. Kwetu hakuna Sanchin kabisa. Ina maana sisi hatuna cha China au tulikipoteza njiani?

#6 kiganja_wazi

Mnacho, mmebadilishiwa majina tu. Kata yenu ya Hangetsu ni Seisan. Gichin Funakoshi alipoipeleka karate Japani bara alizipa kata majina ya Kijapani, na Seisan ikawa Hangetsu. Itazame vizuri mwanzo wake: hatua ya nusu duara, magoti ndani, mwendo wa polepole na pumzi. Seisan ipo Goju, ipo Uechi, ipo kwenu. Jina lake ni kumi na tatu. Sanseru, ambayo Uechi wanaiita Sanseiryu, ni thelathini na sita; Suparinpei, kata nyingine ya Goju, ni mia moja na nane. Hizo ni namba za Kichina kwa matamshi ya kusini, zimepita mdomoni mwa Mwokinawa.

Kata yenu nyingine, Kanku-dai, nayo ni Kusanku, jina la mtu aliyetoka China. Kitabu kiitwacho Oshima Hikki cha 1762 kinamtaja. Kiliandikwa kutokana na mahojiano na watu wa Ryukyu ambao meli yao ilisukumwa na dhoruba hadi Tosa, Japani. Hiyo inahitaji uzi wake peke yake.

#7 mtoto_wa_kongowea

Nimeangalia video za wazee wa Fuzhou baada ya kusoma post ya kwanza. Wale mabwana hawabani chochote! Mwili umelegea, wakipiga wanatikisika mzima, mikono inarushwa. Ukimweka mmoja kando ya mtu wa Goju anayenguruma, huwezi kuamini ni ndugu. Hebu eleza.

#8 kiganja_wazi

Umeona vizuri kabisa. Ngumi za korongo mweupe ni familia kubwa. Hadithi yao inaanza na binti anayeitwa Fang Qiniang aliyejifunza kwa kumtazama korongo, na baadaye zikagawanyika: korongo anayeruka, anayelala, anayekula, anayelia. Mtikisiko uliouona ndio namna yao ya kutoa nguvu: mwili unalegea, kisha unakaza mara moja mwishoni, basi. Wa Goju anakaza kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sababu kwake Sanchin ni chombo cha kujenga mwili na pumzi kabla ya kupigana.

Lakini usijumlishe kwamba Wachina wote ni laini. Wale wa wuzuquan wanashika mwili imara zaidi, na kumkagua mwanafunzi kwa makofi akiwa ndani ya kata kupo hata kwao. Kwa hiyo shime yetu haikubuniwa Naha.

Tena kuna mtu mmoja ambaye watu humsahau. Mwaka 1912 mfanyabiashara wa chai kutoka Fuzhou, Wu Xiangui, Waokinawa walimwita Gokenki, alihamia Naha akaishi huko hadi kifo chake 1940. Alikuwa mtu wa korongo mweupe. Alikuwa rafiki wa Miyagi na wa Kenwa Mabuni, mwasisi wa Shito-ryu, na kata ya Nipaipo ya Shito-ryu inatoka kwake. Ukitaka kujua kwa nini Tensho, kata laini ya viganja wazi aliyoitunga Miyagi yapata 1921, inanusa ukorongo kiasi kile, anzia kwa huyu muuza chai.

#9 joka_la_tanga

Sawa, la Bodhidharma nimelisikia, nitalitafakari. Ila umepita haraka sana kwa Ryu Ryu Ko. Huyo ni nani? Mbona hana jina la ukoo? Unanitaka nimwache mtawa kwa kukosa ushahidi halafu nimkubali mzee asiye na jina?

#10 kiganja_wazi

Hilo swali ndilo nililokuwa nalisubiri, na safari hii uko sahihi kukaza.

Higaonna hakuacha maandishi. Jina Ryu Ryu Ko limetufikia kwa masikio tu. Miyagi alikwenda Fuzhou mwaka 1915 kutafuta nyayo za mwalimu wa mwalimu wake na hakurudi na jibu lililomaliza ubishi. Miaka ya 1980 Iken Tokashiki, mwalimu wa Goju wa Okinawa, akishirikiana na watu wa Fuzhou, alipendekeza kwamba ni Xie Zhongxiang (1852–1930), mwasisi wa ngumi za korongo anayelia. Jina la utani la Xie lilikuwa Ruru, na ukiongeza neno la heshima la "kaka mkubwa" unapata kitu kinachokaribia sana Ryu Ryu Ko.

Hoja nzuri, ila ina tundu. Xie alimzidi Higaonna mwaka mmoja tu, wakati simulizi za Naha zinamchora Ryu Ryu Ko kama mzee aliyekuwa akisuka vikapu vya mianzi. Halafu kata za korongo anayelia hazifanani sana na kata zetu nyingine ukiacha Sanchin. Wapo wanaosema Higaonna alisoma kwa zaidi ya mtu mmoja. Mimi naona Xie anawezekana, lakini nisingetundika picha yake ukutani kwa uhakika.

Tofauti na Bodhidharma ni hii, mkuu. Hapa mwalimu ana utata, lakini mwanafunzi hana. Higaonna alikuwepo, Fuzhou ilikuwepo, na waliofundishwa naye tunawajua kwa majina. Zaidi ya yote kuna Uechi upande wa pili, ambaye mwalimu wake anajulikana: Zhou Zihe, 1874–1926, mtu wa Fuzhou, alisifika kwa ngumi za chui milia. Kwa hiyo hata ukimfuta Ryu Ryu Ko kabisa, Sanchin bado inakurudisha mji uleule.

#11 mwananchi_mtata

Naona mnazunguka. Wajapani walificha asili ya Kichina makusudi. Neno lenyewe karate walilibadilisha. Semeni ukweli.

#12 kiganja_wazi

Una nusu ya ukweli. Karate iliandikwa kwa alama yenye maana ya "mkono wa China", ikabadilishwa kuwa "mkono mtupu", matamshi yakabaki yaleyale. Lakini aliyeiandika hivyo mapema ni Mwokinawa, Chomo Hanashiro, mwaka 1905. Na Oktoba 1936 waliokutana Naha kulijadili, kwa mwaliko wa gazeti la Ryukyu Shimpo, walikuwa walimu wa Okinawa wenyewe: Hanashiro, Miyagi, Kyoda, Choki Motobu, Chotoku Kyan na wengine. Vita vya Japani na China vilikuwa vinanukia, na kuuza kitu chenye jina la China Japani bara haikuwa biashara. Kwa hiyo shinikizo lilikuwepo, ila wenyeji walishika kalamu.

Na Miyagi huyohuyo hakuificha China. Jina Goju, ngumu na laini, alilichukua kwenye Bubishi, maandishi ya mkono ya Kichina yaliyokuwa yakinakiliwa Okinawa kutoka mwalimu hadi mwanafunzi, yakieleza ngumi za korongo mweupe, dawa za michubuko na michoro ya watu wakipigana. Msichanganye na kitabu kikubwa cha kijeshi cha Mao Yuanyi cha 1621 chenye jina hilohilo. Ni vitu viwili.

#13 oss_oss

Mtu wa karate ya Kyokushin hapa. Sanchin yetu ina ngumi zilizofungwa na pumzi kubwa. Ni ya nani?

#14 kiganja_wazi

Ni ya Goju. Mas Oyama alipita Goju-ryu kabla ya kuanzisha Kyokushin, kwa hiyo ninyi ni wajukuu wa Naha upande huo.

#15 mtoto_wa_kongowea

Nimejaribu jana sebuleni kwa viganja wazi kama Uechi, bila kunguruma. Ajabu, ilikuwa ngumu zaidi. Mabega yalikuwa yanapanda yenyewe, na nikifika kugeuka nayumba. Nakosea wapi?

#16 kiganja_wazi

Karibu kila anayetoka Goju hukutwa na hilo. Ngumi ikifungwa na pumzi ikisikika unajua wapi pa kukaza. Vikiondoka hivyo viwili, mwili unatafuta pa kukaza unapata mabegani. Anza na viwiko: viwe umbali wa ngumi moja kutoka mbavuni, vikitoka nje bega litafuata tu. Unapogeuka usizungushe kifua kwanza. Vusha mguu wa mbele upande wa pili, tuliza nyonga, ndipo ugeuke. Na usizuie pumzi unapochoma vidole, hasa kama una presha. Fanya hatua tatu tu, simama, kagua, rudia. Ukishaweza bila kuyumba, rekodi kwa simu kutoka pembeni, weka hapa tuitazame.